The Wild Geese kwenye DVD: anza na makala ya utengenezaji, movie ije baadaye

Kamwene wadau wa movie za vita, hasa nyie wa Iringa, Mafinga, Makambako mpaka Mbeya ambao kila siku mnaniulizaga ipi ya kununua. Leo naongelea DVD ya The Wild Geese, ile ya mamluki ya 1978, ya kina Richard Burton, Roger Moore, Richard Harris na Hardy Krüger. Najua wengi wenu mliionaga kwenye mabanda ya video, imekatwakatwa, mtafsiri anaongea juu ya mabomu mpaka hujui nani kampiga nani. Mi naongelea diski kamili, movie yote dakika 134, halafu ndani kuna makala ya zamani ya jinsi ilivyoshutiwa, kuna makala nyingine ya prodyuza wake Euan Lloyd, na kuna njia ya sauti unaichagua kwenye menyu unawasikia Roger Moore, Lloyd na John Glen aliyeihariri wanapiga stori juu ya picha sini kwa sini. Nasema mapema kabisa, hela yako inarudi kwenye hizo za ziada. Movie yenyewe ni tamu na inauma, nitaeleza vyote viwili, ila mtu akiniambia nina muda wa kuangalia kimoja tu nitamwambia aangalie jinsi ilivyotengenezwa.

Kuipata kwake ilikuwa shughuli. Kwanza kuna mahali hapa mjini niliuziwa kasha zuri lenye picha zote, kufungua ndani diski imechomwa kwenye kompyuta, movie peke yake, picha imefifia, makala hakuna, na nilipowarudishia wakasema bidhaa ikishauzwa hairudi. Sasa kuna kijana ana duka dogo Miyomboni, anauza deki, rimoti, anajaza watu movie kwenye flash, huyo ndo alinisaidia. Alisema yeye halisi hana lakini anao watu Kariakoo wanaotafuta diski za zamani kutoka nje, tuelewane bei, na hela nimpe nikishaiona inacheza. Mzigo ukaja na basi, akanipigia, nikaenda, akaichomeka kwenye deki mbele yangu, akafungua menyu, akanionyesha makala moja moja inacheza, ndo nikatoa hela. 35,000 pamoja na nauli ya mzigo. Kwa mtu anayejaza flash movie kwa shilingi mia tano utaona ni nyingi, ila kwa huduma ya namna ile sikuomba hata punguzo. Halafu ana kauli nzuri kwa wateja, mama mmoja mtu mzima alikuja na rimoti mbovu akamwambia "shikamoo mama, kaa hapo kwenye kiti niiangalie", akaifungua akaisafisha akamrudishia bure. Watu wa hivi tuwaunge mkono.

Haya, stori kwa kifupi kwa ambao hawajaiona. Kuna kiongozi wa Kiafrika anaitwa Limbani, jina ambalo wenzetu wa Kyela wanakutana nalo ng'ambo ya mto Songwe, kule Malawi, amepinduliwa na jenerali mmoja anaitwa Ndofa, kafungwa na anaumwa. Tajiri mmoja wa London, Sir Edward Matherson, anakodi mamluki hamsini wakamtoe kwa sababu anataka shaba ya nchi ile. Kanali Faulkner, ndo Burton, anakusanya watu, wanafanya mazoezi, wanarushwa na parachuti, wanamtoa Limbani, wanakwenda uwanjani kusubiri ndege, ndege inashuka, inakaribia kabisa, halafu inapaa bila wao. Tajiri kashaelewana na Ndofa kuhusu shaba. Kuanzia hapo ni watu wachache kwa miguu porini na jeshi zima nyuma yao. Na sisi tuliokulia kwenye banda la video tulifundishwa steringi hafi, humu masteringi wanakufa na wanakufa vibaya.

Sasa turudi nyuma ya kamera, maana huko ndo kwenye nyama.

Hadithi imetungwa na Daniel Carney, mtu aliyewahi kuwa polisi wa Rhodesia ya kina Ian Smith, ndo Zimbabwe ya leo. Lloyd akaichukua ikiwa bado mswada haujachapishwa, akampa Reginald Rose aandike skripti, akampa Andrew McLaglen aongoze. Hela aliitafuta kwa njia ambayo vijana wetu wa Bongo Movie wangeisoma vizuri: alizunguka akiuza haki za kuonyesha movie nchi moja moja kabla hajashuti hata dakika moja, kila mnunuzi anaweka chake, zikijumlishwa ndo bajeti. Ilimsaidia sana, lakini Marekani ikamkaba kooni, maana kampuni iliyochukua soko la kule, Allied Artists, ilikuwa inaelekea kufilisika, kwa hiyo movie iliyojaza kumbi Uingereza ikapita Marekani kama haikuwepo. Mtu unaweza ukafanya kila kitu sawa kwenye kushuti halafu msambazaji mmoja akakuangusha, na hili wanaotengeneza movie hapa kwetu wanalijua mpaka kwenye mifupa.

Lokesheni ilikuwa Tshipise, sehemu ya maji moto kaskazini kabisa mwa Afrika Kusini, karibu na mto Limpopo. Mwaka 1977. Naomba usome huo mwaka polepole. Ukivuka Limpopo uko Rhodesia na kule vita ya kweli inapiganwa, na sehemu ya vijana waliokuwa wanapigana na Smith walifundishwa hukuhuku kwetu, kambi ya Mgagao, Kilolo, mkoa wa Iringa. Mwaka mmoja nyuma, 1976, Angola iliweka mamluki 13 kizimbani pale Luanda, wanne wakapigwa risasi akiwemo yule aliyejiita Kanali Callan. Julai 1977 nchi za Afrika zikakutana Libreville na kupitisha mkataba wa OAU wa kufuta umamluki barani. Septemba 1977 Steve Biko akafia mikononi mwa polisi wa makaburu. Ndani ya mwaka huohuo, kwenye ardhi hiyohiyo ya makaburu, mzungu anashuti movie ambayo mamluki ni watu wa kupendwa, wanachekesha, wana watoto, wanalia. Kwa hiyo ilipofika kuzinduliwa London watu wa kupinga ubaguzi wa rangi walisimama nje na mabango kupinga kwamba imeshutiwa Afrika Kusini, na mimi naona walikuwa na haki kabisa. Hela iliingia kwenye uchumi wa makaburu wakati viongozi wetu wanasema nchi ile isuswe, sisi huku tumejenga reli ya TAZARA ili Zambia isilazimike kupitisha shaba yake kwa makaburu. Pita leo Makambako, pita Mbeya, reli ile ipo, shaba kama ileile ambayo kwenye movie Matherson anawauza watu wake ili aipate.

Na sijamaliza, maana mshauri wa kijeshi kwenye seti alikuwa Mike Hoare.

Kwa wadogo zangu ambao hawamjui, huyu ndo mamluki mkubwa kuliko wote waliowahi kutajwa Afrika. 1964 Moise Tshombe, waziri mkuu wa Kongo, alimkodi aongoze kikosi cha Commando 5 kupigana na waasi wa Simba mashariki mwa Kongo, kikosi chake walijiita haohao bata mwitu ambao movie imechukua jina. Simba wale walikuwa watu wa Kiswahili kwa sehemu kubwa, wanaamini maji ya dawa yanazuia risasi, wanapiga kelele za "Mai Mulele" wakienda mbele, na sisi tuliosoma Maji Maji ya Wangoni na Wabena tunaelewa jambo hilo bila kuelezwa. Mamluki wa Hoare walipita kule na magari na bunduki, wakafika Kisangani, wakashuka mpaka Baraka na Fizi upande wa Ziwa Tanganyika, ng'ambo yake ni Kigoma. Che Guevara mwenyewe alivukia Kigoma 1965 kwenda kuwasaidia upande wa pili. Kwa hiyo vita ile haikuwa mbali na sisi hata kidogo.

Halafu kwenye movie jeshi la adui linaitwa nini? Simba. Ndo hao wanaolipuliwa, wanaochomwa, wanaoanguka kwa makundi.

Faida ya kumleta Hoare inaonekana, siwezi kuificha. Ukiangalia jinsi watu wanavyotembea kwa kuachiana nafasi, jinsi bunduki inavyobebwa na mtu aliyechoka, jinsi wanavyogawana kazi kabla ya kuingia kambini, hakuna ujinga wa Rambo wa kusimama wazi unamwaga risasi kiunoni. Na si Hoare peke yake, kuna muigizaji anaitwa Ian Yule ambaye kabla ya uigizaji alikuwa mamluki kweli, alipita kwa huyohuyo Hoare Kongo. Kwenye mazoezi kuna sajenti meja mmoja, kaigiza Jack Watson, anawakimbiza wazee wenye vitambi mpaka wanatapika, anawatukana, anawapiga mateke ya matako, na unaona kabisa wale wazee wa kwenye movie ni wazee wa kweli, Burton alishapita hamsini na mwili umechoka. Harris alikuwa mlevi anayejulikana dunia nzima, ikabidi aahidi kutogusa pombe wakati wote wa kushuti, na unaiona kazi aliyoifanya akiwa na akili timamu, macho yake mle ndani yana huzuni ambayo huwezi kuifundisha.

Mtu wa kamera, Jack Hildyard, alishachukua Oscar kwa Bridge on the River Kwai, hivyo pori lile kame la mibuyu linapendeza kila saa ya siku. John Glen alihariri na pia aliongoza kikosi cha pili kilichoshuti mapigano, na baadaye akapewa James Bond tano mfululizo kuanzia 1981. Angalia sini ya darajani, ndege inashuka kushambulia msafara wa malori, anakata kutoka usoni kwa mtu kwenda kwenye bawa la ndege kwenda kwenye moto, hupotei hata sekunde, unajua nani yuko upande gani wa daraja. Movie za siku hizi za mabilioni zinakushindisha saa mbili hujui watu wamesimama wapi. Mtu yeyote anayehariri video hapa Iringa, hata za harusi, aiangalie hiyo sini bila sauti arudie mpaka aielewe.

Ila kuna sini moja ilinibadilisha namna ya kuiangalia movie yote. Nilikuwa naiangalia na mzee jirani yangu, mtu wa Kilolo, miaka ya sabini alikuwa kijana na aliwaona vijana wa Zimbabwe wakipita kwenye malori kuelekea Mgagao. Tumekaa, jiko la mkaa katikati maana Iringa ya Julai mnaijua, tumefika pale mamluki wanaingia kambini usiku kumtoa Limbani. Wanajeshi wamelala kwenye bweni, vitanda vimepangwa mistari miwili. Mamluki wamevaa vinyago vya gesi, wanaingia kimyakimya, wanapita katikati ya vitanda wananyunyiza gesi ya sumu usoni kwa kila aliyelala, mmoja baada ya mwingine, wanapita kitanda hiki wanakwenda kile. Muziki uko chini. Mwingine anajigeuza tu kidogo halafu basi. Hakuna aliyeshika bunduki, hakuna aliyeamka kupigana.

Mzee akaniambia, "Simamisha kwanza, mwanangu." Nikasimamisha. Akauliza, "Hawa waliolala ni kina nani?"

Nikamwambia ni maadui mzee, ni jeshi la Ndofa.

"Wana majina?"

Nikakaa nafikiria, nikamwambia hapana mzee, hawana. Akasema, "Basi endelea," na hakuongea tena mpaka movie imeisha.

Tangu hapo siwezi kuiona vingine. Kila mzungu mle ndani ana jina na ana stori, Janders, ndo Harris, ana mtoto wake shuleni, Coetzee anataka hela ya kununua shamba, hata Witty yule mtu wa matibabu aliyeigizwa na Kenneth Griffith kapewa kifo cha heshima peke yake. Waafrika wanaokufa ni mamia na hatujui mmoja ametoka kijiji gani. Sasa hapo ndo naunganisha na utengenezaji: ukimleta mamluki wa kweli awe mwalimu wako atakufundisha jinsi mamluki anavyoona, na yeye akipita kwenye bweni lile haoni watu. Movie imepata ukweli wa mkono wake na imepata upofu wa jicho lake kwa pamoja, vimekuja na mtu mmoja. Hili nimelielewa baada ya kuangalia makala kwanza na kujua nani alikuwepo kwenye seti, ningeangalia movie peke yake ningesema tu imeshutiwa vizuri.

Kinachoiokoa, kwa maoni yangu, ni watu wawili, Winston Ntshona na John Kani. Kani mnamjua nyie wote, ndo baba yake Black Panther, mfalme T'Chaka, na sauti ya Rafiki kwenye Lion King ya 2019. Wakati ule yeye na Ntshona walikuwa wakubwa wa jukwaa Afrika Kusini, wamechukua tuzo ya Tony kule New York 1975 wakigawana wawili kwa maigizo yao ya kupinga ubaguzi, na 1976 serikali ya Transkei, lile jimbo la weusi lililoundwa na makaburu, iliwakamata kwa sababu ya kazi hiyohiyo ya jukwaani. Halafu mwaka unaofuata wako Tshipise. Ntshona ndo Limbani. Anaumwa, hawezi kutembea, na anayembeba mgongoni ni Coetzee, kaburu, ndo huyo Krüger. Wanabishana njia nzima, kaburu anatukana, Limbani anajibu kwa sauti ya chini ya mtu anayebana maumivu, anamwambia kwamba sisi lazima tuwasamehe nyie ya zamani na nyie mtusamehe ya sasa. Uso wa Ntshona pale uko begani kwa mzungu, jasho linamtiririka, kamera iko karibu sana, na kumbuka anayeyasema hayo ni mtu ambaye nje ya kamera hana kura kwenye nchi aliyosimama. Mstari ule kwenye mdomo wa muigizaji mwingine ungekuwa hotuba ya kanisani. Kwake ulikuwa na uzito mwingine kabisa, na siamini kama Hoare au mtu yeyote wa jeshi angeweza kumfundisha.

Mwisho wa mapigano sitausimulia wote, ila kuna pale Janders anakimbilia ndege ya Dakota uwanjani, kajeruhiwa, hawezi kuifikia, ndege inaondoka na Simba wamefika nyuma yake, anampigia kelele Faulkner rafiki yake amuue wasimkamate hai. Burton anavyoshika bunduki ile. Mzee alishika kichwa. Na mimi nililia, nasema wazi.

Sasa sikia kilichomtokea mwalimu wa seti. 25 Novemba 1981, miaka mitatu tu baada ya movie kutoka, Mike Hoare akatua Shelisheli na wenzake zaidi ya arobaini, wamejifanya klabu ya wanywa bia wako likizo, mizigo ina midoli juu na chini AK-47. Mtu wa forodha akaikuta bunduki. Wakaanza kurushiana risasi uwanjani, na kule walikuwepo wanajeshi wetu wa Tanzania wanalinda serikali ya France-Albert René. Mapinduzi yakafeli, wakateka ndege ya Air India iliyokuwa imetua wakakimbilia Durban, Hoare akafungwa Afrika Kusini kwa kosa la kuteka ndege. Yaani yule mzee aliyewafundisha kina Burton kushika bunduki alikuja kukutana na JWTZ uso kwa uso na akashindwa. Ukirudi kuangalia ile sini ya ndege kuwaacha mamluki uwanjani baada ya kujua habari ya Shelisheli, utaiona kwa macho mengine. Hayo hayamo kwenye makala ya zamani kwa sababu ilitengenezwa kabla hayajatokea, lakini ni historia inayojulikana, na mimi naona diski yoyote mpya ya movie hii ingepaswa kuwa na makala ya Shelisheli na ya Kongo, na kuwe na Mkongomani na Mtanzania wanaongea mle. Hilo ndo pengo lake kubwa.

Kwa nini nawasumbua na yote haya watu wa Iringa? Kwa sababu kuna vijana hapa mjini wana kamera nzuri, wana droni, na kila mara nasikia wanataka kushuti movie ya Mkwawa na vita ya Lugalo. Jamani ile nayo ni movie ya mamluki. Zelewski, yule kamanda wa Kijerumani aliyeitwa Nyundo, hakuja na Wajerumani watupu 17 Agosti 1891, alikuja na askari wa kukodiwa, Wasudani waliokusanywa Cairo na wengine waliotolewa Msumbiji, watu wasioijua nchi hii wanapigana kwa mshahara. Wahehe wakawasubiri kwenye mawe na vichaka, na mnara upo pale barabarani mpaka leo, mabasi ya Dar yanaupita kila siku, hata hii DVD yangu imeupita ikija. Sasa mtakapoandika skripti msifanye kosa la Tshipise kwa kuligeuza upande wa pili. Mpeni yule Msudani jina. Alitoka wapi, alilipwa nini, alimwacha nani. Na Mhehe aliyejificha nyuma ya jiwe naye apewe jina asiwe tu mkuki unaotokea. Mazoezi mchukueni mstaafu wa JWTZ, wako wengi, anajua kutembea kwa kuachiana nafasi. Ila kwenye meza ya skripti mkae na wazee wa Kalenga.

Kuhusu diski kama bidhaa nimalizie haraka. Picha ni safi, rangi za pori na jua la jioni zimetulia, kuna sini za usiku zina chenga kidogo lakini ni movie ya zamani. Sauti iko vizuri, muziki wa Roy Budd unasikika mpaka filimbi, na wimbo wa mwanzo wa Joan Armatrading peke yake ni wa kurudia. Ile njia ya sauti ya kina Moore iko chini kidogo, ongeza volyumu. Maandishi ya Kiswahili hakuna, na kwa anayesumbuliwa na Kiingereza makala zitamshinda sehemu kadhaa maana wanaongea haraka na lafudhi ni ya Kiingereza cha zamani, hapo kaa na mtu anayejua. Kwa watoto hapana, kuna damu, matusi na maneno ya kibaguzi mengi.

Deki za kawaida za Kichina zinaicheza bila shida, ila zile deki za zamani za kampuni kubwa za nje baadhi zinakataa diski ya Ulaya, kwa hiyo beba deki yako dukani ukaijaribu palepale. Na ukiagiza geuza kasha usome nyuma, kama hawajaandika kwamba kuna makala ya utengenezaji na mazungumzo ya Moore na wenzake basi ni toleo la movie tupu, usilipe bei hii, mwambie akutafutie lingine hata kama litachukua wiki zaidi kufika.